Kusoma mapigo ya moyo bila kumaliza betri

Anayeniletea kifaa cha kuvaa kifuani huanza kwa kuniuliza aweke betri gani kubwa zaidi. Iache betri, mlaji ni redio. Ukipima umeme wa moyo mara 250 kwa sekunde, baiti 2 kila sampuli, halafu ukarusha zote kwa Bluetooth, ni baiti 500 kila sekunde, usiku na mchana. Na anayetazama simu anataka tu muda kati ya pigo na pigo! Hesabu ifanyike kifuani, zirushwe namba.

Mimi natumia AD8232 ya kukuza ishara, chipu ya nRF52832 (prosesa na redio ya Bluetooth pamoja), na betri ya kitufe ya CR2032 yenye miliampea-saa 220 hivi. AD8232 inakula mikroampea 170, kwa hiyo peke yake ingeimaliza betri kwa siku 54. Kifaa kizima kikila wastani wa miliampea 5, hata siku mbili hazitimii.

Sasa, usichukue sampuli 250. Chukua 256. Kristali ya saa kwenye bodi inapiga 32,768 kwa sekunde. Gawa kwa 128, unapata 256 kamili. Kwenye prescaler (kigawanyi) ya RTC, saa ndogo ya chipu inayoendeshwa na kristali hiyo, andika 127, maana chipu inajiongezea 1 yenyewe, kisha tukio la TICK, yaani kila mpigo wa RTC, liunganishe na SAADC, kipima volti cha chipu, kwa PPI, njia inayounganisha sehemu za chipu bila prosesa. EasyDMA, kibebaji cha data cha chipu, itapanga sampuli kwenye kumbukumbu huku prosesa imelala, iamke mara moja tu kwa sekunde, bafa ikijaa. Ukitumia TIMER, kihesabio cha kasi, badala ya RTC, saa kubwa ya chipu inabaki inawaka, na hapo mikroampea mamia zinakwenda bure.

Kukamata pigo, njia ya watafiti Pan na Tompkins ya 1985 bado inanitosha, na uzuri wake ni kwamba inataka namba nzima tu, bila desimali. Chuja, tafuta mteremko, piga kipeo cha pili, jumlisha dirisha la milisekunde 150 (sampuli 38: ongeza mpya, toa ya zamani, usigawanye). Vichujio vyao vilipangiwa sampuli 200 kwa sekunde, kwa hiyo kwa 256 masafa yanayopita, hezi 5 hadi 11, yanasogea kuwa kama 6 hadi 14. Haidhuru, pigo bado limo. Angalia tu kichujio cha kwanza kinakuza mara 36: sogeza biti 5 kulia kabla ya kipeo, la sivyo namba ya biti 32 (int32) itafurika. Kizingiti cha kuamua kipi ni pigo nacho ni kusogeza biti: kilele kipya kinaingia kwa 1/8, cha zamani kinabaki 7/8. Baada ya pigo, ziba masikio kwa milisekunde 200, usitafute pigo jingine.

Float (namba za desimali) kaa nazo mbali. Kwenye chipu hii bendera ya FPU, sehemu inayokokotoa desimali, ikibaki juu, prosesa inaamka ovyo wala hailali tena, nawe utamlaumu muuza betri.

Huduma ya kawaida ya mapigo kwenye Bluetooth inahesabu muda kwa 1/1024 ya sekunde. Idadi yako ya sampuli kati ya pigo na pigo isogeze biti 2 kushoto (mara 4), imekwisha. Kusanya mapigo kadhaa ndipo urushe.

Jaribu kwanza kwa rekodi 48 za umeme wa moyo za MIT-BIH, zilizopo bure kwenye tovuti ya PhysioNet. Zina sampuli 360 kwa sekunde, zishushe hadi 256. Siku ya kuvaa elektrodi mwenyewe ukiwa umeunganisha kompyuta, chaja ya kompyuta ichomoe ukutani, umeme wa ukutani usipate njia ya kukufikia.