Kuunganisha mji na kijiji: namna ya kufuatilia ukoo ukiwa Lubumbashi

Familia nyingi za Lubumbashi zinajua ukoo wao vizuri mpaka kwa nkambo (babu au bibi) aliyekuja kutafuta kazi, kisha kimya. Mji ulianza mwaka 1910, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika, na wafanyakazi wake waliandikishwa kutoka Luapula, Lomami, Kasai, baadaye hata Rwanda na Burundi. Kwa hiyo mti wa ukoo hukatika karibu kila mara mahali palepale: pale mtu alipoaga kijiji na kupewa namba ya kazi. Hapo ndipo pa kuunga, na mtu mmoja hapawezi. Anatakiwa mwenzio aliye mjini, mwingine aliye karibu na kijiji, na mara nyingine wa tatu aliye Ubelgiji. Wanaofuatilia koo kwa mapenzi yao, bila malipo, wanafaana sana kwa sababu hiyo, ila tu kila mmoja ajue kuomba na kujua kutoa.

Maliza nyumba yako kwanza

Chukua kaye (daftari) ya jalada gumu. Jipe namba 1. Baba yako ni 2, mama yako ni 3. Kuanzia hapo, namba ya baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, na ya mama ni mara mbili ukiongeza moja. Mama wa mama yako basi ni 7, na baba yake huyo bibi ni 14. Wanaume wote (ukijitoa wewe wa kwanza) wanapata namba shufwa, wanawake namba witiri, na ukikosea unaona hapohapo. Ndugu zao wape herufi: 6a, 6b, 6c. Ukimwandikia mwenzako aliye Kananga kwamba umekwama kwa namba 14, ataelewa bila barua ndefu.

Mbele ya kila taarifa weka alama: K kama umeiona kwenye karatasi, M kama umeambiwa kwa mdomo, D kama ni dhana yako. Penye M andika nani alisema na lini. Hili ndilo watu wanaloliacha, na ndilo linaloharibu miti mingi. Dhana ya mjukuu mmoja hunakiliwa na binamu, binamu humtumia mwingine, na baada ya miaka michache inarudi nyumbani ikiwa imevaa sura ya ukweli. Ukigundua kosa usifute. Piga mstari mmoja ili lililokuwepo liendelee kusomeka.

Wazee ndio wa kwanza. Mwone mzee asubuhi, akiwa ameshakula, na usizidishe saa moja. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kurekodi kwa telefoni, na weka telefoni juu ya kitambaa, si juu ya meza tupu, maana kila kikombe kitasikika kuliko sauti yake. Usimwambie "nieleze historia ya ukoo". Swali pana hivyo huleta hotuba. Uliza watu: "Mama alizaa wangapi? Nitajie kuanzia kifungua mimba, hata waliokufa wadogo." Bila wale waliokufa wadogo tarehe za ndugu haziingiani. Kisha kwa kila jina uliza, "Hili alipewa la nani?" Watoto wetu hubeba majina ya wakubwa, kwa hiyo jina la mtoto mara nyingi linakuonyesha mtu wa vizazi viwili juu ambaye hakuna aliyemtaja.

Neno "baba" lina mtego. Baba mkubwa na baba mdogo wote ni baba, na aliyelelewa na baba mdogo hatamtenga mbele yako. Uliza kwa adabu: "Baba huyu ndiye aliyekuzaa, ama ni ndugu yake?" Kwa ndugu uliza, "Mlitoka tumbo moja?" Pia jua ukoo unafuata upande gani. Kwa Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai na Wayeke unapita kwa baba. Kwa Wabemba, Walamba, Watabwa na Wahemba unapita kwa mama, na mwenye kumbukumbu nzito ni mjomba au dada mkubwa wa mama. Mtu anayehangaika miaka na upande wa baba wa Kilamba, hali mjomba yupo hai Kipushi, anapoteza muda ambao hana. Kama familia ni ya Kasai na kuna mama anayejua kasala ya ukoo (utenzi wa kusifu mababu), mrekodi yote bila kumkatiza. Ndani yake mna majina ya mababu kwa mfululizo ambayo katika maongezi ya kawaida hayatoki.

Mzee akikwama kwenye miaka, usimsukume. Mpe matukio: mgomo wa Union Minière (kampuni ya migodi) wa Desemba 1941, dipanda (uhuru) ya tarehe 30 Juni 1960, wakati wa Tshombe, Katanga ilipojitenga (Julai 1960 mpaka Januari 1963), nchi kuitwa Zaire mwaka 1971, vita vya Shaba (jina la Katanga wakati huo) vya 1977 na 1978, kufukuzwa kwa watu wa Kasai miaka ya 1992 na 1993, kuingia kwa AFDL (waasi wa Kabila) Aprili 1997. "Wakati Tshombe anatawala, dada alikuwa ameshaolewa?" ni swali linalojibika. Hilo la 1992, hata hivyo, usiliguse kama mzee hajalianza mwenyewe.

Karatasi, na makosa yaliyomo

Sanduku la nyumbani lina zaidi ya unavyodhani: kitabu cha kazi, kadi ya poso, kadi ya ubatizo, karatasi za wale walioondoka Gécamines (kampuni iliyorithi Union Minière) kwa départ volontaire, yaani kuacha kazi kwa hiari, mwaka 2003 na 2004. Tafuta mambo matatu: matrikule (namba ya kazi), siku ya kuandikishwa kazini, na kijiji pamoja na shefu wake. Matrikule ni ya thamani kuliko jina, kwa sababu jina liliandikwa na karani vile alivyosikia. Picha za ukutani zitoe kwenye fremu kwa uangalifu. Nyuma huwa na muhuri wa mpiga picha na mji.

Umri wa zamani mara nyingi ulikadiriwa. Ukiona "vers 1920" (karibu na 1920), au mwaka unaoishia na 0 au 5 bila siku wala mwezi, ongeza na punguza miaka mitano pande zote mbili unapotafuta. Hutokea pia mtu aliyejiandikisha kazini kwa kitabu cha ndugu yake. Ukikuta mtu mmoja mwenye miaka miwili ya kuzaliwa iliyoachana sana, fikiria hilo kabla ya kumlaumu karani.

Majina yaandike kwa sura zake zote kabla ya kufungua kitabu chochote. Ngoy, Ngoie na Ngoyi. Mwamba na Muamba. Tshibangu, Cibangu na Chibangu. Kyungu na Kiungu. Kumbuka tena mwaka 1972, wakati majina ya Kikristo yalipoachishwa. Mzee mnayemjua kwa majina mawili ya kikwetu anaweza kuwa kwenye kitabu cha 1950 kama Joseph na jina moja tu, na hilo moja lisiwe lile mlilozoea.

Vijiji navyo vilihama. Serikali ya kikoloni ilivisogeza kando ya barabara, na vingi viliitwa kwa jina la shefu, kwa hiyo shefu akifa jina linaweza kubadilika. Andika basi mlolongo mzima: kijiji, shefu, mto ulio karibu, teritwari. Mto hauhami. Badili majina ya miji ya zamani: Élisabethville ni Lubumbashi, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, Baudouinville ni Moba, Luluabourg ni Kananga, Bakwanga ni Mbuji-Mayi. Na tangu 2015 Katanga imegawanyika kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mwenzako wa nje akikuuliza "Katanga ipi", ana haki.

Kitabu cha ndoa kwanza, cha ubatizo baadaye

Kwa familia za Kikatoliki, hapa ndipo mji unapokutana na kijiji. Watu wengi hukimbilia ubatizo, na wanakosea mpangilio. Kitabu cha ndoa cha parokia ya mjini huandika bwana na bibi walibatizwa wapi na lini. Ukikipata hicho umepata misheni ya kijijini na mwaka wake, na mwenzako wa huko anajua afungue kitabu gani. Kwa upande mwingine, parokia inayofungisha ndoa inatakiwa kuitaarifu parokia ya ubatizo, nayo huandika ndoa hiyo pembeni mwa mstari wa mbatizwa. Usomapo ubatizo, soma na pembeni. Ndipo panaposema alioa nani na mji gani.

Vitabu vya zamani viliandikwa kwa Kilatini. Petrus ni Pierre, Joannes ni Jean, Jacobus ni Jacques, Aloysius ni Louis. "Filius" ni mwana wa kiume, "filia" wa kike, "patrinus" ni baba wa ubatizo. Huyo wa mwisho usimpite: mara nyingi ni mtu wa kijiji kimoja, na mstari wake mwenyewe unaweza kuwa kurasa chache nyuma ukiwa na kijiji kilichoandikwa vizuri zaidi. Uliza pia faharasa imepangwa kwa jina gani, la Kikristo au la ukoo, kabla ya kusema mtu hayupo.

Ukitaka kujua pa kuandikia, angalia misheni zilikuwa za shirika gani. Lubumbashi na Kapolowe walikuwa Wabenediktini, Kafubu na upande wa Sakania Wasalesiani, Mpala na Kirungu Mapadri Weupe, Kamina Wafransisko, Kongolo mapadri wa Roho Mtakatifu, Kasai mapadri wa Scheut. Wametodisti walikuwa Kapanga, Kamina na Mulungwishi, Wapresbiteri Luebo, na misheni ya Garenganze Bunkeya tangu 1886. Kwa padri nenda siku za kazi, na barua fupi yenye jina, miaka na sababu. Usimsimamishe Jumapili baada ya misa. Gharama za nakala na sadaka uzitenge mapema.

Kumwomba mwenzako

Ombi zuri lina mtu mmoja, mahali pamoja na miaka isiyozidi kumi. Hivi:

"Jambo ndugu. Natafuta ubatizo wa Ilunga Joseph (labda Josephus, Ilounga), namba 14 kwangu, baba yake Kabongo. Misheni ya upande wa Kabinda, kati ya 1928 na 1934. Kitabu cha ndoa cha Lubumbashi, Mei 1946, kinasema alibatizwa huko. Faharasa ya 1930 mpaka 1932 imeshaangaliwa, hayumo. Naomba 1928, 1929, 1933 na 1934. Usafiri na nakala ni juu yangu. Mimi niko Kamalondo. Ukiwa na jambo la Lubumbashi, Kipushi au Likasi, niambie."

Sentensi ya kile kilichokwisha kuangaliwa ndiyo inayomwokoa mwenzako siku nzima ya bure. Ombi la "natafuta familia ya Ilunga wa Kasai" halijibiwi, na si kwa ukaidi: Ilunga wako wengi mno, msaidizi hana pa kushika.

Anayekwenda kwenye kitabu aombe ruhusa ya picha, kisha apige nne: jalada, ukurasa mzima, mstari wenyewe, na pembeni yake. Mwanga wa dirisha utoke kando, bila flashi. Mstari peke yake haufai, maana mwaka mara nyingi umeandikwa juu ya ukurasa tu. Asipopata kitu aandike pia: kitabu gani, miaka gani, kurasa zipi zimeliwa na mchwa. "Hakuna" bila maelezo hayo haina uzito.

Mwenzako wa Ubelgiji ana kazi yake. Nyaraka za serikali ya koloni, zinazoitwa Archives africaines, zilihamishiwa kwenye Archives de l'État huko Brussels. Huko ndiko familia zenye nkambo aliyezaliwa na Mzungu na kutengwa na mama yake zinakoweza kuomba faili. Ubelgiji iliomba radhi kwa machotara hao Aprili 2019, na hifadhi hiyo ina kitengo chao. Mpe majina yote mawili, la mama na la misheni aliyowekwa mtoto, kwa sababu jina la baba mara nyingi halikuandikwa.

Programu ya Gramps ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, jambo linalofaa umeme unapokatika. Ikitoa faili la GEDCOM (muundo wa kubadilishana miti ya ukoo), mwenzako analisoma hata kwa programu nyingine. Kabla ya kutuma, ondoa tarehe na majina ya walio hai, na usitangaze kabila wala kijiji cha mtu aliye hai bila yeye kukubali. Katika mji huu watu wamewahi kufukuzwa kwa ajili ya hayo.

Nasaba ya nyumba inayogombea ushefu au ardhi ichukue kwa tahadhari. Ndugu anaweza kuruka kizazi au kumtoa mtoto wa mke wa pili ili haki ibaki upande wake. Wasikilize matawi mawili kila mmoja peke yake, andika yote mawili yenye alama ya M, na usimwonyeshe mmoja maneno ya mwenzake. Yanapotofautiana, subiri karatasi, hata ikichukua miaka. Na ukishindwa kuipata, mti ubaki na mistari miwili pale, kila mmoja na jina la aliyeusema.