Namna ya Kusoma Riwaya za Upelelezi za Nchi za Nordiki kwa Jicho la Jamii

Msomaji wa riwaya ya upelelezi kwa kawaida huandamwa na swali moja hadi ukurasa wa mwisho: nani kaua? Kwa riwaya za Uswidi, Denmark, Norwei, Ufini na Isilandi swali hilo halitoshi, kwa sababu waandishi wake walio bora huuliza pia dola iliyoahidi kumtunza kila raia tangu utotoni hadi uzeeni ilikuwa wapi mtu huyu alipouawa. Ukitaka kuona humo namna jamii ilivyobadilika, lishike swali hilo la pili.

Anza kwa kuielewa ahadi yenyewe. Mwaka 1928 Per Albin Hansson, kiongozi wa chama cha Demokrasia ya Kijamii cha Uswidi, aliliambia bunge kwamba taifa linapaswa kuwa nyumba njema isiyo na watoto wa kupendelewa wala watoto wa kambo. Chama chake kilishika serikali mwaka 1932 na kuongoza karibu bila kukatizwa hadi 1976. Kwa hiyo, kila unapofungua riwaya ya huko, mtafute mtoto wa kambo wa wakati ule: ni nani aliyeachwa nje ya nyumba hiyo, na ni ofisi gani iliyomjua kabla hajawa maiti, au kabla hajawa muuaji?

Kisha tazama mwaka ambao kitabu kilitoka kwa mara ya kwanza katika lugha yake, wala usitegemee mwaka wa tafsiri uliyo nayo mkononi. Maj Sjöwall na Per Wahlöö walitoa riwaya kumi za mpelelezi Martin Beck kati ya 1965 na 1975. Mwaka huo wa 1965 ndio polisi wa Uswidi walipoondolewa mikononi mwa serikali za mitaa na kuwa chombo cha serikali kuu, na ndio mwaka ulioanza mpango wa kujenga nyumba milioni moja ndani ya miaka kumi. Bila kuyajua hayo, msomaji atadhani malalamiko ya askari kuhusu wakuu wao na vitongoji vya zege ni pambo la mandhari tu, ilhali ndiyo hoja yenyewe. Waandishi hao walikuwa wafuasi wa Marx, na waliupa mfululizo mzima jina dogo la "riwaya kuhusu uhalifu", wakimaanisha uhalifu waliouona katika dola iliyowasaliti wafanyakazi wake. Ukiwa na nafasi ya kusoma viwili tu, soma cha kwanza na cha mwisho, uone jinsi utulivu wa upelelezi unavyogeuka kuwa hasira. Katika cha mwisho, waziri mkuu anapigwa risasi na msichana ambaye kila ofisi aliyoiendea ilimwangusha. Waziri Mkuu Olof Palme aliuawa barabarani mjini Stockholm tarehe 28 Februari 1986. Nakusihi usiuite utabiri. Thamani ya kitabu hicho ni kwamba kinamfuata msichana huyo kwa subira na huruma hadi msomaji anaelewa amefikaje hapo.

Angalia pia mahali. Henning Mankell hakumweka mpelelezi wake Wallander katika jiji kuu, bali Ystad, mji mdogo wa pwani ya kusini ambako mabadiliko ya dunia yanaingia kwa meli. Katika riwaya ya kwanza, ya 1991, wazee wawili wakulima wanashambuliwa, na kabla ya kukata roho mwanamke anatamka neno linaloashiria mgeni. Habari hiyo inavuja, makazi ya wakimbizi yanachomwa moto, na Msomali asiye na hatia anauawa. Mwaka huohuo chama kipya kilichopinga wahamiaji kiliingia bungeni Uswidi. Mankell, aliyeishi miaka mingi kati ya Uswidi na Maputo akiongoza jumba la maonyesho huko Msumbiji, alisema baadaye kwamba vitabu hivyo vilihusu wasiwasi wa Waswidi.

Usizichanganye nchi hizi kana kwamba ni moja. Nchini Denmark, Peter Høeg mwaka 1992 alianza na mtoto wa Greenland aliyeanguka kutoka paa la jengo mjini Copenhagen, na nyuma ya kifo hicho uko ukoloni uliokoma rasmi mwaka 1953. Nchini Norwei, Jo Nesbø mwaka 2000 alifukua habari za Wanorwei waliojitolea kupigana upande wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, jambo lililokuwa limefunikwa na simulizi za ushujaa.

Jihadhari, hata hivyo, usizichukue riwaya kuwa takwimu. Mauaji Isilandi ni machache mno, na Ystad ya kweli haijawahi kuona damu kiasi kile. Riwaya hupima hofu ya jamii. Hata Stieg Larsson, aliyetanguliza sehemu za riwaya yake ya 2005 kwa takwimu kama ile ya asilimia 18 ya wanawake wa Uswidi kuwahi kutishwa na mwanamume, alizipanga ili zijenge hoja. Hoja hiyo naiona ya haki, lakini mtu asome pia kwa ukali jinsi waandishi wengine wanavyoionyesha miili ya wanawake waliouawa, kwani si kila anayelaani ukatili anaacha kuuza picha zake.

Mwisho, uliza ni nani anayesimulia. Mwaka 2006 wakili Jens Lapidus alitoa riwaya ya Stockholm ambamo polisi wamesogezwa kando, na miongoni mwa wanaobeba simulizi ni mwuza dawa za kulevya mwenye asili ya Chile na jambazi Mserbia. Isome sambamba na ile ya Mankell ya 1991, ukiandika pembeni kila mahali mgeni anapozungumziwa na kila mahali anapozungumza mwenyewe.