Matunda damu hayaivi kwa kikapu: jinsi ya kuyachuma na kuyachagua

Jamani, hii nimeandika juu kila mara kuna mtu ananiuliza mbona matunda damu yake (haya tunayaita pia tree tomato au tamarillo) ni makali hivyo na yeye aliyaweka kwa dirisha siku tano mpaka yakaiva. Hayakuiva, yalilainika tu. Hili si tunda la kufunika na gunia kama ndizi au avokado, ukishalitoa kwa mti utamu umefika pale ulipofika, rangi inaweza kuzidi wekundu na ganda likalegea lakini ndani ni uchachu ule ule. Siku ya kuchuma ndio kila kitu.

Asili yake ni milima ya Andes, pande za Ecuador, Peru na Bolivia, hata hilo jina tamarillo lilitungwa New Zealand mwaka wa 1967, na juu umezoea mahali pa juu penye ubaridi mti unakubali vizuri huku kwetu Dagoretti, Nairobi. Niko na minne nyuma ya nyumba, imepandikizwa kwa shina la muthakwa, ule mti wa porini, juu mizizi ya muthakwa inavumilia minyoo midogo ya udongo inayoshambulia mizizi.

Sasa kuchuma. Kutoka ua lifunguke mpaka tunda liive ni kama wiki 21 hadi 24, kukiwa na baridi ya Julai inachelewa zaidi, na kwa kishada kimoja hayaivi pamoja kwa hivyo usivute kishada chote. Angalia pale karibu na kikonyo, hapo ndipo kijani hutoka mwisho. Kama bado kuna kivuli cha kijani au ile mistari ya zambarau imesimama sana, liache wiki moja au mbili. Lililoiva ni jekundu kote, ukilibonyeza polepole na kidole gumba linaitikia kidogo bila kubonyea. Ukiwa na shaka kata moja tu: mbegu ziwe nyeusi zimelala kwa utelezi wa zambarau iliyokolea, na nyama iwe ya rangi ya machungwa. Mbegu zikiwa hafifu na ulimi ukashikwa na ukakasi, umewahi.

Chuma na kikonyo chake, tafadhali. Kikonyo kina fundo, sukuma hapo na kidole kitakatika chenyewe, ukiling'oa bila kikonyo unaacha kidonda na uozo unaingilia hapo.

Kwa soko mambo ni hayo hayo. Mwaka jana nilinunua kilo mbili kwa muuzaji mmoja, mekundu yanang'aa kweli, kufika nyumbani vikonyo vyote hakuna na ndani mbegu bado nyeupe, niliumia sana. Siku hizi naomba nikatiwe moja kwanza na mama mboga wangu hanikatalii. Chagua zito kuliko linavyoonekana, lisilo na makunyanzi, na kikonyo kiwe bado kipo.

Wenye miti, ubora unaanzia chini. Mizizi iko juu juu sana, kwa hivyo usilime na jembe karibu na shina, weka samadi na nyasi kavu na umwagilie Januari na Februari, mti ukishikwa na kiu matunda yanabaki madogo na mengine yanaanguka. Chunguza vidukari chini ya majani, wanaeneza virusi vinavyoacha mabaka kwa ganda.

Kwa meza ya jikoni yanakaa kama wiki, kwa friji zaidi, ila usiyagandishe kama unataka kuyala hivyo hivyo. Ganda ni chungu, usilile: mwagia maji moto dakika moja, tia kwa maji baridi, litatoka lenyewe. Ukitengeneza juisi zungusha blenda kidogo kidogo tu halafu uchuje, mbegu zikisagika juisi inakuwa chungu, na vaa nguo ya zamani juu hiyo rangi kwa shati jeupe haitoki.