Sarafu za zamani za pwani: anza na mizani, ndimu iache jikoni

Pwani ya Afrika Mashariki imepitiwa na fedha za watu wengi: masultani wa Kilwa, Seyyid Barghash wa Unguja, Wajerumani, Waingereza, na zile riali za Maria Theresa, sarafu kubwa za fedha za Austria, zilizokuja na majahazi. Anayeanza kwa kuzitaka zote atamaliza akiba yake kwa vitu asivyovielewa. Chagua kundi moja, lijue vizuri, kisha ndipo uongeze jingine.

Kwa mfuko wa kawaida, anza na senti zenye tundu za Mwingereza. Bado zimelala kwenye makopo ya wazee, bei yake ni ndogo, na zina mambo. Chambua senti 5 na senti 10 za mwaka 1936. Baadhi zina jina la George V, nyingine zimeandikwa EDWARDVS VIII, mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu. Kwa kuwa zina tundu katikati hazikuhitaji sura yake, kwa hiyo zilipigwa mapema na zikatumika madukani huku, wakati kwao Uingereza wananchi hawakupata kutumia sarafu yenye jina lake.

Kundi la pili ni la Mjerumani: sarafu ndogo za shaba ziitwazo pesa, za 1890 hadi 1892, rupia za fedha zenye sura ya Wilhelm II aliyevaa kofia ya chuma, na hela zilizoanza 1904 rupia ilipogawanywa katika hela 100. Za kupendeza zaidi ni zile za Tabora za 1916, zilizopigwa wakati wa vita kwenye karakana ya reli baada ya meli za Ujerumani kushindwa kufika. Hela 20 za Tabora ni za shaba, zimepigwa kwa haraka, maandishi yake hayakukaa sawa, na chini zina herufi T. Ukikuta hela 20 ya 1916 iliyonyooka na kung'aa kama ya jana, itilie shaka. Rupia 15 ya dhahabu yenye tembo nayo ni ya Tabora. Uzito wake ni gramu 7.17, na imeigizwa sana. Usiinunue mtaani kwa bei yoyote ile.

Pesa za Barghash zina picha ya mizani na mwaka wa Hijria, ١٢٩٩ (1299) au ١٣٠٤ (1304). Kupata mwaka wa Miladi kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1299 inakupa 1882. Wanaoanza huichanganya na pesa ya Mombasa, ambayo nayo ina mizani. Hiyo ya Mombasa ina maandishi ya Kiingereza na mwaka 1888.

Sasa sheria, kabla hujatoa hata shilingi. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863: huchimbi bila leseni, husafirishi nje bila kibali, na ukiokota unatoa taarifa. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake. Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo hata rupia ya Mombasa ya 1888 imo. Riali ya Maria Theresa inaleta mkanganyiko wa aina yake, kwa sababu karibu zote zimeandikwa 1780 hata zile zilizopigwa karne ya 20. Ukitaka kuvuka nayo mpaka, pata barua ya ofisi ya mambo ya kale mapema. Usisubiri kubishana na afisa uwanja wa ndege.

Sarafu za Kilwa ziache kabisa. Ni vipande vidogo vya shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayolingana vina na jina hilo. Hazina mwaka. Kinachomwezesha mtaalamu kuzipa umri ni tabaka la udongo zilimolala pamoja na vigae vya vyungu. Akiletewa iliyookotwa na kuuzwa ufukweni, umri wake umeshapotea na haurudi tena. Mtoto akikuuzia Kilwa Kisiwani au Songo Mnara, ukinunua unampa sababu ya kuchimba tena kesho.

Vifaa vya kununulia ni vitatu: mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, kipimo cha kipenyo cha milimita, na sumaku. Sumaku ikivuta kitu kinachoitwa rupia ya fedha, mazungumzo yameisha. Isipovuta, pima uzito. Rupia ya Mjerumani ni gramu 11.66, kipenyo karibu milimita 30. Iliyochakaa inaweza kushuka hadi 11.4, lakini ya gramu 9 ni bandia. Riali ya Maria Theresa ni gramu 28.07, na ukingoni ina maandishi ya Kilatini yaliyoinuka. Ukingo mtupu au wenye mstari wa kuungia unaonyesha imemiminwa kwenye kalibu.

Uzito ukikubali na bado una wasiwasi, pima kwa maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini wala pembeni. Chukua uzito wake mkavu, gawanya kwa namba unayoisoma. Rupia ya fedha itasoma karibu 1.13, na jibu litakuwa kama 10.3. Shaba iliyopakwa fedha inatoa chini ya 9. Viputo vya hewa vikishikilia juu ya sarafu jibu linashuka, kwa hiyo ichovye kwanza, itikise, ndipo usome. Rupia nyingi za pwani ziliwahi kuwa mikufu, zikatobolewa au kuchomelewa kikonyo. Hizo kipimo hakitakuwa sahihi, na bei yake ishushe.

Usisugue. Ndimu, siki, majivu, mchanga, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia vitasa vyote vinakwangua ngozi ya juu ya sarafu, na mnunuzi anayejua huiona papo hapo. Uchafu uloweke kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa maana asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Badilisha maji kila siku, sukuma udongo kwa kijiti cha meno, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa laini bila kufuta. Gundi ya selotepu inatoka kwa asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na jiko.

Jihadhari na kijani. Rangi ya kijani iliyo ngumu na laini ukiigusa ni ngozi ya kawaida ya shaba, iache. Kijani cheupe cha unga kinachochomoka kwa kijiti ni kutu ya chumvi, nayo huendelea kula kila hewa inapokuwa na unyevu. Unguja, Mombasa au Dar es Salaam unyevu haukosekani. Itenge sarafu hiyo siku hiyo hiyo, iloweke wiki mbili kwa kubadilisha maji, ikaushe kabisa, kisha iangalie mwezi mzima kwenye kopo la peke yake. Unga ukirudi, mpelekee mtaalamu wa makumbusho.

Kwa kuhifadhi, epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Hiyo ni PVC, baada ya muda hutoa utelezi wa kijani. Nunua vishikizi vya kadibodi vyenye dirisha la Mylar (plastiki angavu isiyo na PVC), na pini za stepla uzibonyeze kwa koleo zisikwaruze jirani. Raba na gazeti huipa fedha weusi. Panga kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, ndani weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, uvikaushe au kuvibadilisha kila mwezi.

Juu ya kila kishikizi andika uzito, kipenyo, mahali uliponunua, tarehe na bei. Piga picha pande zote mbili, taa ikiwa pembeni ili maandishi yaliyochakaa yatoe kivuli, na stakabadhi iweke kwenye bahasha yenye namba hiyo hiyo.