Mayai ya Pasaka kwa maganda ya vitunguu na kabichi

Anza kukusanya maganda makavu ya vitunguu vyekundu au vya njano wiki mbili kabla ya Pasaka. Mayai 6 yanataka maganda ya vitunguu 10 hadi 12; yakipungua, utapata rangi ya chai ya maziwa badala ya nyekundu ya tofali. Ndiyo rangi ya zamani ya Wagiriki, ambao mayai yao mekundu huandaliwa Alhamisi Kuu.

Chagua mayai meupe. Ya kahawia yanakubali maganda ya vitunguu, lakini kwenye bluu huchafuka. Yaoshe kwa sabuni, kwa sababu mafuta ya vidole huacha madoa yasiyoshika rangi.

Chemsha maganda katika lita 1 ya maji kwa moto mdogo, dakika 30. Tumia sufuria ya stili, maana alumini na siki havipatani. Chuja, acha yapoe, tia siki nyeupe vijiko 2 vya chakula. Weka mayai mabichi yasiyo na ubaridi wa friji, pandisha moto polepole, na yakianza kutokota hesabu dakika 10 hadi 12. Yai baridi likikutana na maji ya moto hupasuka, na rangi huingia hadi kwenye ute.

Siki hulainisha chokaa ya ganda ili rangi ishike. Ikizidi, ganda hutoa mapovu na rangi hubanduka ukilifuta.

Kabichi ya zambarau huwachanganya wengi. Katakata nusu yake, chemsha na kuchuja vivyo hivyo, tia siki ile ile. Maji yatageuka waridi. Usiyamwage! Rangi hii hufuata asidi: ndani ya siki ni waridi, ikigusa chokaa ya ganda huwa bluu. Tumbukiza mayai yaliyokwisha chemshwa na kupoa, uyaache kwenye friji usiku kucha. Saa moja hutoa bluu hafifu tu. Ukitaka kijani, yapitishe kwanza kwenye maji ya bizari ya manjano kwa nusu saa, yakauke, ndipo yaingie kwenye kabichi.

Kwa urembo, fanya kama Walatvia: lowesha jani dogo la giligilani, libandike kwenye yai bichi, lifunge kwa kipande cha soksi ya nailoni kilichovutwa sawasawa, kisha chemsha na maganda. Soksi ikilegea, rangi hupenya chini ya jani na umbo hupotea.

Usifute yai la rangi likiwa na maji; liache likauke lenyewe, kisha lipake tone la mafuta ya kupikia ling'ae. Kwenye friji hukaa wiki moja. Yaliyokaa mezani zaidi ya saa 2 yawe ya kutazama tu.