Namna ya kuwasikiliza wapiga debe wa Marekani kabla ya Novemba

Jumamosi moja mteja aliruka kitini, kitambaa bado shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akaanza kumnyooshea kidole mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi. Usidhani ni Simba na Yanga. Walikuwa wanagombania Warepublikani na Wademokrati. Nikazima mashine nikangoja wamalize.

Saluni yangu iko Mwanga, Kigoma mjini. Kabla ya kushika mashine nilikuwa mkalimani kambini, upande wa Kasulu. Mwaka 2025 Washington ilikata misaada, na shirika lililoniajiri likatuaga kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo anayeniuliza siasa za Marekani zinanihusu nini huku mwisho wa reli, namwonyesha kiti cha kunyolea. Bajeti yao hupitishwa na Bunge lao, na Bunge hilo linapigiwa kura tarehe 3 Novemba 2026. Niseme mapema pia kwamba tangu siku ile ya karatasi moyo wangu una upande, na mbinu za kuwasikiliza wachambuzi wa televisheni zao ninazoeleza hapa nazitumia kwanza kujichunga mwenyewe.

Anza na daftari. Ukurasa wa kwanza andika hesabu, kwa sababu mchambuzi akishapandisha sauti utaisahau. Bunge lao lina sehemu mbili. Baraza la Wawakilishi lina viti 435 na vyote vinagombewa. Anayefika 218 ndiye anayelishika. Seneti ina viti 100, na mwaka huu vinavyogombewa ni 35. Rais Trump, ambaye ni Mrepublikani, hayumo kwenye karatasi ya kura, ingawa utamsikia akitajwa kuliko wagombea wote. Uchaguzi wa 2024 uliwapa Warepublikani viti 220 na Wademokrati 215. Toa, jumlisha: viti vitatu tu vikihama, Baraza limebadilika mikono. Ndiyo maana wanapiga kelele vile.

Hapo kuna neno litakalokusumbua. Sisi jimbo ni la mbunge. Wao Texas nzima tunaiita jimbo, na ndani yake mna viti 38 vya Baraza. Mimi daftarini naandika "jimbo" kwa Texas na "wilaya" kwa kiti kimoja, la sivyo hutaelewa ugomvi wa mipaka. Mwaka 2025 Warepublikani wa Texas walichora upya wilaya zao ili wajiongezee viti, na Novemba ya mwaka huohuo wapiga kura wa California wakaridhia ramani mpya inayowafaa Wademokrati. Mchambuzi atakayekuita ukalaani ramani moja bila kuitaja ya pili, ameshakuonyesha kadi yake ya chama.

Sasa umsikilizeje? Msikilize kama unavyomsikiliza mpiga debe pale stendi ya Masanga. "Kasulu, Kasulu, nafasi moja, gari inaondoka!" Unapanda, unalipa, na abiria wawili uliowakuta wamekaa wanashuka taratibu wakatafute soda. Walikuwa wa kujazia. Lakini angalia, mpiga debe hakudanganya kwamba gari ni la Kasulu. Litafika. Alichokificha ni idadi ya viti vitupu. Wachambuzi wa Fox News, inayowaegemea Warepublikani, na wenzao wa upande wa pili, waliokuwa MSNBC mpaka jina likabadilishwa kuwa MS NOW, kazi yao ni ileile. Mara nyingi wanachosema kimetokea kweli. Wewe tafuta viti vitupu.

Dawa yangu ni kuchukua jambo moja na kuandika majina yake mawili. Kuna kodi ya Marekani inayotozwa kwenye mali kubwa za marehemu. Kwenye sheria inaitwa kodi ya mirathi. Warepublikani kwa miaka mingi wameiita kodi ya kifo, na wewe ukilisikia hilo jina kabla ya maelezo umeshakasirika. Sheria kubwa ya kodi na matumizi ambayo Trump aliitia saini tarehe 4 Julai 2025 yeye anaiita nzuri, Wademokrati wanaiita mbaya. Serikali yao ilipofungwa kwa siku 43 mwishoni mwa 2025, yaani shughuli zikasimama kwa kukosa bajeti, kila upande ulikupachika kufungwa huko jina la mwenzake. Nikishaandika majina yote mawili, nauliza swali la kinyozi: ukinyoa haya maneno, kinabaki kichwa gani? Kwenye kule kufungwa kilibaki kitu cha kueleweka kabisa, ruzuku ya bima ya afya: Wademokrati walitaka iongezwe muda, Warepublikani wakataka serikali ifunguliwe kwanza.

Halafu kuna mstari ninaoupigia wino mwekundu, pale mchambuzi anapokubali jambo linaloumiza upande wake. Mrepublikani akisema bei za vitu zinawachosha watu wake, au Mdemokrati akikiri chama chake kimepoteza vijana wa kiume, hiyo iandike na tarehe. Mpiga debe hasemi gari lake bovu mpaka moshi uonekane.

Video fupi za WhatsApp zenye tafsiri ya Kiswahili ziogope. Naongea kama mtu wa kazi hiyo. Wamarekani wana kejeli nyingi, mtu anasema "hongera sana" akimaanisha umeharibu, na mtafsiri mwenye haraka anaiweka kama hongera ya kweli. Yule mteja wangu wa nusu kichwa ugomvi wake wote ulitoka kwenye video ya namna hiyo.

Kura za maoni nazo zina mtego wa lugha. Kwetu kura za maoni ni pale chama kinapopata mgombea wake. Hizi wanazozisoma kwenye televisheni ni za kuuliza watu wachache ili kukisia wengi. Wakiulizwa watu 1,000, namba ya kila mgombea inaweza kupanda au kushuka kwa kama asilimia 3, hivyo 48 kwa 46 ni droo, hata mtangazaji akiruka juu. Uliza pia nani alilipia. Ikiwa ni kampeni yenyewe, wakumbuke abiria wa kujazia.

Haya yote nimeyanunua. Mwaka 2022 wachambuzi waliimba wimbi jekundu, yaani Warepublikani wangezoa kila kitu. Nikamwekea shemeji sado moja ya dagaa kwamba watabeba na Seneti. Walipata Baraza, kwa ongezeko la viti 9 tu. Seneti Wademokrati wakaongeza kiti kimoja. Dagaa zikaenda Ujiji. Kilichonipoteza ni historia iliyosomwa nusu: ni kweli chama cha rais huwa kinaumia kwenye uchaguzi wa katikati ya muhula wake, Clinton alipoteza viti 54 mwaka 1994, Obama 63 mwaka 2010, Trump kama 40 mwaka 2018. Lakini 1998 na 2002 chama cha rais kiliongeza viti. Kwa hiyo mwaka huu akitokea wa kukuambia ushindi wa Wademokrati ni muujiza, mwambie ni kawaida; na akisema ni lazima, mwambie kuhusu sado yangu.

Usiku wenyewe, chaji simu mapema. Vituo vya kwanza muhimu, kama vya Georgia na Virginia, vinafungwa saa tisa usiku kwa saa zetu; California ni saa moja asubuhi tukishaamka, na kule kuhesabu huchukua wiki. Anayeongoza alfajiri huenda hajaongoza chochote. Mwaka 2022 kura zilipigwa tarehe 8, na mshindi wa Baraza akajulikana tarehe 16.

Shemeji ameshaniuliza kama safari hii tunaweka sado mbili. Nimemwambia aje kwanza anyolewe, tutaongea.