Ukihesabu stoo ya vifaa, ficha idadi iliyo kwenye mfumo
Mpe anayehesabu orodha yenye jina la kifaa na namba ya rafu tu. Safu ya idadi iondoe. Akijua mfumo unasema ruta 48, atazitafuta hadi zifike 48, na boksi tupu litahesabiwa kama lina kifaa. Boksi lililofunguliwa, skani namba ya siriali kwenye kifaa chenyewe, kwani vifaa vya majaribio hurudishwa kwenye boksi lisilo lake. Lenye sili nzima liache, lebo ya nje inatosha. Tofauti ikitokea, mtu wa pili arudie rafu hiyo kabla ya kurekebisha mfumo. Njia hii hufeli mzigo ukiendelea kutoka: simamisha utoaji kwanza. Kebo zinazohesabiwa kwa mita nazo zipime kwa uzito, badala ya kuzinyoosha.